Uvimbe wa Neva Chini ya Uti wa Mgongo: Kisa cha Mama Aliyelala Ameketi

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 43, mchuuzi wa dagaa kutoka kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Alifika katika kliniki yetu ya rufaa akiwa na maumivu ya mgongo na mguu wa kulia yaliyomwandama kwa miezi 26. Nimeyaunganisha humu mambo ya wagonjwa zaidi ya mmoja waliougua ugonjwa uleule, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Mwendo wa ugonjwa wenyewe, makosa yaliyoufuata na uamuzi uliofanywa mezani pa upasuaji nimeviacha kama vinavyotokea, kwa kuwa ndivyo vinavyostahili kusomwa na matabibu wenzangu wanaopokea kila wiki makumi ya watu wanaolalamikia kiuno.

Maumivu yalianza taratibu kiunoni, na kwa miezi ya mwanzo mama aliyahesabu kuwa ni uchovu wa kubeba magunia na kuinama juu ya nyavu za kuanikia. Alichuliwa kwa mafuta, akachanjwa chale, kisha akaanza kununua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani. Mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha, maumivu yaliteremka kwenye tako la kulia, nyuma ya paja, kwenye shavu la mguu, hadi ukingo wa nje wa mguu, na huko mwisho yakaacha ganzi. Baadaye mkojo ulianza kumsumbua: alikuwa akikaa chooni muda mrefu kabla haujatoka, kisha akitoka anahisi kibofu hakijaisha. Kwa hilo alitibiwa mara tatu kwa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa kuwa ni mtu wa kisiwani alipewa pia prazikuanteli kwa kudhaniwa kuwa na kichocho. Hakuna aliyeunganisha mkojo na mguu.

Miezi mitano kabla hajafika kwetu alipigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayouonyesha mwili kwa vipande) katika kituo kimoja cha binafsi. Majibu yalisema kwamba diski iliyo kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa sakramu ulio chini ya kiuno imetokeza kidogo, na mama akashauriwa kufanyiwa upasuaji wa diski. Familia ilikuwa imekwisha kuuza mtumbwi mmoja kwa ajili ya gharama hizo wakati tabibu wa zahanati ya kwao aliposita na kumwandikia rufaa. Barua yake ilikuwa ya mistari minne tu, na mstari wa mwisho ulisema: mgonjwa hawezi kulala chali. Sijawahi kusoma barua ya rufaa iliyokuwa na thamani kubwa kuliko ile.

Nilimwuliza mwenyewe, "Mama, usiku unalalaje?"

"Daktari, mimi silali, nakaa tu. Nikijinyoosha kitandani maumivu yanapanda kama moto. Nimeegemea ukuta tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

Diski iliyotokeza kwa kawaida hutulia mgonjwa anapolala, kwa sababu uzito wa mwili huondoka juu yake. Mgonjwa wa diski huchukia kukaa na kuinama, na kitanda ndicho kimbilio lake. Uvimbe ulio ndani ya mfereji wa uti wa mgongo huenda kinyume. Mtu anapolala, mishipa ya vena inayozunguka mfereji hujaa damu, urefu wa mgongo huongezeka kidogo na mizizi ya neva huvutwa, na uvimbe uliokwisha kuibana nafasi hukosa pa kupumulia. Maumivu yanayomtoa mgonjwa kitandani na kumkalisha kwenye kiti si dalili ya hakika, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo na saratani iliyosambaa kwenye mifupa navyo huuma usiku, lakini ni dalili inayopaswa kumfanya tabibu aiweke kando kalamu ya kuandikia diklofenaki na kuanza kumpima mgonjwa upya.

Tulipompima, mgongo ulikuwa mgumu bila kibyongo wala sehemu yenye kuuma kwa kugongwa. Mguu wa kulia ulipoinuliwa ukiwa umenyooka, maumivu yalianza kwenye nyuzi 50. Alipoambiwa asimame kwa vidole vya mguu mmoja, wa kushoto ulimwinua mara kumi bila shida, wa kulia ulishindwa baada ya mara ya tatu. Rifleksi ya kisigino cha kulia, yaani mruko wa mguu unapogongwa kwa nyundo, haikuwepo kabisa, ya magoti yote mawili ilikuwepo. Ukingo wa nje wa mguu wa kulia haukuhisi ncha ya sindano. Kisha kikaja kipimo ambacho wengi hukiruka kwa haya, nacho ni kupima hisia za sehemu inayogusa tandiko la baiskeli na nguvu za msuli wa njia ya haja kubwa. Kilifanywa na daktari wa kike, dada wa mgonjwa akiwa pembeni, na kilionyesha hisia zilizopungua upande wa kulia huku msuli ukibana vizuri. Baada ya kwenda haja ndogo, ultrasaundi ilikuta mililita 280 zilizobaki kibofuni. Mtu mzima mwenye afya hubakiwa na chini ya mililita 50 au karibu na hapo. Akizidi 200 kuna sababu ya kushuku kwamba neva za kibofu zinaonewa.

Dalili zote hizi zilielekeza kwenye mzizi wa kwanza wa neva za sakramu upande wa kulia, pamoja na majirani zake wa chini. Hapo ndipo mtego wa sehemu hii ya mwili ulipo. Ugwe wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo hauteremki mpaka chini ya mgongo. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia pale ndani ya mfereji hubaki mizizi mitupu, inayoning'inia kwenye maji ya uti wa mgongo kama shada la nyuzi za mkonge lililotumbukizwa kisimani. Waandishi wa Kilatini waliiita kauda ekwina, yaani mkia wa farasi. Mzizi wa kwanza wa sakramu huzaliwa juu, kwenye ncha ya ugwe, kisha husafiri urefu wa pingili nne au zaidi kabla ya kutoka kwenye tundu lake. Ukibanwa mahali popote katika safari hiyo, mguu utatoa malalamiko yaleyale. Kwa hiyo kipimo cha mkono na nyundo kinamtambulisha mzizi mgonjwa bila kutaja unapobanwa, na anayepiga picha ya diski tatu za chini peke yake anaweza kuikosa kabisa sehemu yenye ugonjwa. Picha ya CT ya mama huyu ilikatwa kuanzia pingili ya nne ya kiuno kwenda chini. Diski iliyoonekana ilikuwepo kweli, lakini diski zilizotokeza kiasi kile zimejaa kwa watu wa umri wake ambao hawaumwi na chochote, na haikuweza kueleza mkojo wala ganzi ya kwenye tandiko.

Katika mkoba wake, ndani ya khanga, kulikuwa pia na eksirei ya miezi 14 nyuma iliyoandikiwa kwamba ni ya kawaida. Tuliiweka kwenye taa. Ukuta wa nyuma wa pingili ya tatu ya kiuno, ambao hupaswa kuwa karibu wima, ulikuwa umechimbika kama ubao wa mbuzi uliosuguliwa kwa miaka mingi, na nguzo ya kulia ya pingili hiyo ilikuwa nyembamba kuliko mwenzake. Mfupa haumomonyoki hivyo kwa siku chache. Kitu laini kimekaa pale kwa muda mrefu, kikisukumwa na mapigo ya maji ya uti wa mgongo. Sikusema neno mbele ya mama kuhusu aliyeisoma picha ile kwanza. Nakiri nilihuzunika, kwa sababu mwaka mzima wa kukesha ukutani ulikuwa umeandikwa pale, na mtu aliyezoea kutafuta mivunjiko pekee hakuuona.

Ilibidi tuyafikirie magonjwa ya kwetu kabla ya yale ya vitabuni. Kichocho cha Schistosoma mansoni, ambacho kimezagaa ukanda wa Ziwa Victoria, huweza kupeleka mayai yake kwenye ncha ya ugwe wa neva na mizizi iliyo jirani, kikaleta maumivu ya miguu, udhaifu na mkojo kukwama. Kwa kawaida hali hiyo huja kwa siku au wiki, wala haichukui miaka miwili. Kifua kikuu cha pingili huharibu diski na mwili wa pingili kwa mbele na mara nyingi huacha kibyongo. Saratani zilizosambaa hupunguza uzito na hukimbia kuliko hivi. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi, kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu za damu ilikuwa ya kawaida, na picha ya kifua ilikuwa safi. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuchukue maji ya uti wa mgongo tuyapime. Nilikataa mpaka MRI, yaani picha ya sumaku, ipatikane, na ningependa sababu ieleweke. Uvimbe ukiwa umeziba mfereji, maji yaliyo chini yake hujaa protini, huwa ya manjano na huweza kuganda ndani ya chupa, jambo lililoelezwa na Mfaransa Georges Froin mwaka 1903; lakini kuyatoa maji hayo kunabadilisha shinikizo la juu na la chini, uvimbe unaweza kuteremka na kuibana mizizi ghafla, na mgonjwa aliyeingia akitembea akatoka akiwa amebebwa. Kwa sababu hiyohiyo sindano ya ganzi ya mgongoni kwa mgonjwa mwenye dalili kama hizi si jambo la kuendewa kwa mazoea. Mama huyu alizaa mtoto wake wa mwisho kwa upasuaji chini ya sindano hiyo miaka sita kabla, bila tatizo, na huenda uvimbe ulikuwa bado mdogo sana au haujaanza. Wapo kina mama ambao uvimbe wao uligunduliwa baada tu ya miguu kukataa kurudi kufuatia ganzi ya uzazi.

MRI ilipigwa baada ya siku tisa, kuanzia pingili za mwisho za kifua hadi sakramu, kwanza bila dawa kisha kwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Ugwe wa neva uliishia vizuri kwenye pingili ya kwanza ya kiuno. Nyuma ya pingili ya pili na ya tatu, ndani ya utando mgumu unaofunika ugwe na mizizi, kulikuwa na uvimbe wenye umbo la yai, urefu wa sentimita 3.4 na upana wa 1.6, uliojaza karibu mfereji wote na kuisukuma mizizi mingine mbele na kushoto. Kwenye picha za aina ya T1 ulikuwa na rangi kama ya ugwe wenyewe, kwenye T2 ulikuwa mweupe wenye mabaka meusi na vijishimo vya maji, na baada ya gadolini uliwaka kwa pembeni zaidi kuliko katikati. Haukutoka nje ya mfereji kupitia tundu la neva, hivyo haukuwa na lile umbo la dambeli, mabonge mawili yaliyounganishwa kwa shingo nyembamba, ambalo uvimbe wa namna hii hulipata unapopenya kati ya pingili.

Uvimbe unaoweza kuota mahali hapo ni wa aina chache zinazojulikana. Wa kwanza ni shwanoma, uvimbe unaotokana na chembe zinazoifunika neva kama gamba la waya, chembe zilizoelezwa na Mjerumani Theodor Schwann mwaka 1839. Huu hukua polepole, huwa na ganda lake, na hukaa ubavuni mwa mzizi mmoja, mara nyingi mzizi wa hisia, huku ukiisukuma neva kando. Wa pili ni neurofibroma, ambayo huichanganya neva ndani ya mwili wake hata usiweze kuitenga, na ikiwa nyingi huambatana na madoa ya kahawia ya ngozi. Wa tatu ni ependimoma ya aina ya miksopapilari, inayoota kwenye uzi mwembamba unaoiunganisha ncha ya ugwe na mkia wa mfereji, uzi ambao hauna kazi ya hisia wala ya kutembeza mguu. Meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ugwe, hupenda zaidi mgongo wa kifuani, na paraganglioma, uvimbe mwingine wa neva, ni nadra. Picha za mama zilielekea kwenye shwanoma kwa sababu ya kukaa upande, vijishimo vya maji na kuwaka kwa pembeni, lakini kwa uvimbe uliokwisha kuujaza mfereji picha haiwezi kuapa.

Hili si jambo la majina. Shwanoma kubwa hutolewa kwa kuitoboa, kuimega ndani mpaka ganda lilegee, kisha ganda likunjwe kutoka kwenye mizizi iliyokandamizwa, kwani kujaribu kuichomoa nzima ni kuikokota mizizi mizima pamoja nayo. Ependimoma ya miksopapilari ikitobolewa humwaga chembe zake kwenye maji ya uti wa mgongo, nazo hushuka na kuota tena kwenye sakramu au hupanda juu; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa mwaka 2021, liliipandisha kutoka daraja la ukali la 1 hadi la 2. Hiyo inapaswa kutolewa nzima, ganda lake likiwa zima, kwa kuukata uzi juu na chini yake kila inapowezekana. Kitendo kilicho sahihi kwa ugonjwa mmoja ni madhara kwa mwingine, na uchunguzi wa haraka wa kipande cha nyama ya uvimbe wakati wa upasuaji haukuwa ukipatikana kwetu. Tulikubaliana kabla ya siku yenyewe kwamba hakuna atakayeutoboa uvimbe mpaka ncha zake zote mbili zionekane na ijulikane umeshika wapi.

Mazungumzo ya ridhaa yalichukua saa moja na nusu, mgonjwa akiwa na kaka yake mkubwa, dada yake na kijana wake wa kwanza. Nilieleza kwamba uwezekano mkubwa ni uvimbe usio saratani, kwamba lengo la kwanza ni kuyaondoa maumivu na kukilinda kibofu kisiharibike zaidi, na kwamba ganzi ya mguu huenda isiondoke kamwe. Nilitaja hatari ya kushindwa kujizuia haja, ya udhaifu wa mguu, ya maji ya uti wa mgongo kuvuja kwenye kidonda na ya uti wa mgongo wenyewe kuambukizwa. Suala la tendo la ndoa lilizungumzwa na daktari wa kike akiwa na mama na dada yake pekee. Kaka aliuliza kwa nini tusingoje. Nilimjibu kwamba maumivu hungoja ila kibofu hakingoji, na neva za kibofu zikisha kufa upasuaji mzuri kiasi gani hauzifufui. Mama mwenyewe aliuliza swali moja, kama ataweza tena kubeba ndoo kichwani. Nilimwambia kwamba naamini ataweza, ila si kabla ya miezi mitatu.

Siku ya upasuaji alipewa nusukaputi, na daktari wa usingizi aliombwa asitumie dawa ya kulegeza misuli baada ya kumwingizia mpira wa hewa, ili misuli iweze kujibu neva zitakapoguswa kwa umeme. Alilazwa kifudifudi juu ya mito iliyoacha tumbo likining'inia. Tumbo likibanwa, damu yake hukimbilia kwenye vena za mfereji na jeraha hujaa damu ambayo hakuna koleo linaloweza kuizima vizuri. Macho yalikingwa yasigandamizwe. Pingili zilihesabiwa kwa eksirei ya mezani, kuanzia sakramu kwenda juu na kuanzia mbavu za mwisho kwenda chini, kwa sababu watu wengine wana pingili ya mpito kati ya kiuno na sakramu, na anayehesabu upande mmoja tu anaweza kufungua mahali pasipo ugonjwa.

Misuli ilitengwa na mapaa ya pingili ya pili na ya tatu, yaani mifupa inayoufunika mfereji kwa nyuma, yakaondolewa kwa keekee ya upasuaji, viungo vidogo vya pembeni vikiachwa vizima pande zote mbili. Utando mgumu ulikuwa umetuna na haukudunda, ishara kwamba maji hayapiti. Uliachwa mkavu kabisa kwanza, kwa maana damu inayoingia ndani huleta makovu baadaye, kisha ukafunguliwa katikati chini ya hadubini na kingo zake zikashonewa kwenye misuli. Chini yake upo utando mwembamba ambao wanaanatomia waliuita kwa jina la utando wa buibui, nao unastahili jina hilo. Ulipopasuliwa, uvimbe ulijitokeza, wa rangi ya manjano ya kiini cha yai, laini juu, mizizi ikiwa imetandazwa mbele yake bapa kama utepe.

Tulienda polepole hadi ncha ya juu. Uzi wa mwisho wa ugwe, unaotambulika kwa rangi yake ya samawati na mshipa mdogo wa damu unaopinda juu yake, ulipita kushoto kwa uvimbe bila kuugusa. Ncha ya chini ilionyesha mzizi mmoja wa upande wa kulia ukiingia ndani ya ganda na kutokea tena chini. Sasa tulijua ni uvimbe wa mzizi, si wa uzi, na ruhusa ya kuutoboa ilipatikana.

Hospitali yetu haikuwa na mashine ya kufuatilia neva yenye vioo na rekodi. Tulikuwa na kifaa kidogo cha kutoa umeme hafifu, na mtaalamu wa fiziotherapia aliyekaa chini ya shuka za upasuaji, mkono mmoja ukiwa kwenye shavu la mguu wa kulia na mwingine kwenye shavu la mguu wa kushoto, huku daktari mwingine akiwa ameweka kidole kwenye msuli wa njia ya haja. Kila uzi ulipoguswa nilisema "sasa", naye alijibu "ndiyo" au "hakuna". Ninajua si kiwango cha hospitali zenye vifaa, na panapokuwa na elektromiografia kamili, yaani upimaji wa umeme wa misuli, itumike. Lakini kwa mizizi ya mguu na ya msuli wa haja, mkono wa mtu makini huhisi mkazo mdogo mno, na njia hii ni bora mara nyingi kuliko kukata kwa kukisia.

Ganda lilichunguzwa kwa umeme mpaka likapatikana eneo lisilojibu. Hapo lilipasuliwa, na nyama ya ndani ikamegwa kidogokidogo mpaka uvimbe ukapungua zaidi ya nusu. Mizizi iliyokuwa mbele iliachia yenyewe ganda lilipolegea, hatukuivuta. Ulibaki mzizi uliouzaa uvimbe. Umeme wa miliampea 0.5 haukutikisa chochote, wa 1 haukutikisa chochote, wa 2 haukutikisa chochote, ilhali mzizi jirani wa mbele ulijibu kwa nguvu kwenye 0.3 na shavu la mguu likaruka mkononi mwa mtaalamu. Kwa hiyo tulikuwa mbele ya mzizi wa hisia uliokwisha kupoteza kazi, na majirani zake walikuwa wameshapokea sehemu ya mzigo wake. Wapo wanaotaka kuuhifadhi mzizi kwa kuuacha utepe wa ganda. Kwa mama huyu niliukata, juu na chini, kwa sababu ganzi ya ukingo wa mguu alikuwa nayo tayari, rifleksi ya kisigino ilikwisha kwenda, na kuacha mabaki kungempeleka mgonjwa wa kisiwani kwenye upasuaji wa pili ndani ya makovu. Ungekuwa mzizi wenye kujibu, hasa wa pili au wa tatu wa sakramu ambao kibofu kinautegemea, ningeacha utepe na kuufuatilia kwa picha.

Jeraha lilioshwa kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe, utando mgumu ukashonwa kwa uzi mwembamba usionyonywa, na daktari wa usingizi akaombwa kuinua shinikizo la kifua kwa sekunde kadhaa ili tuone kama kuna tone linalotoka. Tone moja lilitoka kwenye pembe ya chini. Sindano moja iliongezwa na kipande cha mafuta ya mgonjwa kikawekwa juu. Kazi yote ilichukua saa nne na dakika kumi, na damu iliyopotea haikufika mililita 300.

Saa 48 za kwanza alilala bapa. Asubuhi ya siku ya pili muuguzi wa zamu ya usiku aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa amelala chali kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na kwamba ilibidi aamshwe ili apimwe presha. Kuondoka kwa maumivu ya usiku mara tu nafasi inapopatikana ni jambo la kawaida baada ya upasuaji huu, na bado kila mara linanigusa.

Mengine hayakwenda kwa wepesi huo. Mpira wa mkojo ulitolewa siku ya nne, na mkojo uliobaki kibofuni ukapimwa kuwa mililita 190. Mama na dada yake wakafundishwa kuingiza mpira safi mara mbili kwa siku. Siku ya sita uvimbe laini ulitokea chini ya kidonda, ukikua anaposimama na kupungua anapolala, dalili kwamba maji ya uti wa mgongo yamepenya ule mshono na kujikusanya chini ya ngozi. Ngozi ilikuwa nzima na hakuwa na homa. Alirudishwa kitandani kwa siku tano, bandeji ya kubana ikafungwa, akapewa dawa za kulainisha choo ili asijikamue, na uvimbe ukanywea. Ungevuja nje, tungerudi kwenye chumba cha upasuaji siku hiyohiyo.

Patholojia ilithibitisha shwanoma ya daraja la 1. Chini ya hadubini zilionekana sehemu mbili, ile iliyosongamana na ile iliyolegea, ambazo huitwa Antoni A na Antoni B kwa jina la Msweden Nils Antoni; ndani ya sehemu iliyosongamana viini vya chembe vilikuwa vimejipanga safu mkabala na safu, mpangilio uliopewa jina la José Verocay aliyeueleza mwaka 1910. Chembe zilipokea rangi ya S100, alama ya chembe za Schwann. Kwa kuwa uvimbe wa aina hii ukiwa zaidi ya mmoja huweza kutokana na hitilafu ya kurithi ya jeni ya NF2 iliyo kwenye kromosomu ya 22, tulikagua ngozi yake yote, tukapima usikivu wa masikio yote mawili na kuuliza habari za wazazi na watoto. Hakuna kilichopatikana, na kwa uvimbe mmoja pekee katika umri huo hatukuona haja ya kumtwisha gharama ya kipimo cha jeni.

Baada ya wiki sita mkojo uliobaki ulikuwa mililita 60 na mpira ukaachwa. Baada ya miezi minne MRI haikuonyesha mabaki. Mizizi ilikuwa imerudi katikati ya mfereji, ikielea. Mguu wa kulia uliweza kumwinua mara nane. Ukingo wa nje wa mguu umebaki na ganzi, rifleksi ya kisigino haijarudi wala haitarajiwi kurudi, na ameagizwa kukagua wayo wake kila jioni kwa sababu anatembea juu ya mawe na ndoana za ufukweni bila kuhisi. Picha inayofuata imepangwa baada ya mwaka mmoja, kisha kila baada ya miaka miwili kwa muda.

Nilimwandikia tabibu wa zahanati majibu ya barua yake, nikaambatisha nakala ya MRI na ile eksirei ya zamani ikiwa imechorwa mshale kwenye ukuta wa pingili ya tatu. Alijibu kwamba ameibandika kwenye chumba chake cha kupokelea wagonjwa, na kwamba tangu siku hiyo amekwisha kumpata mgonjwa mwingine anayelala ameketi, fundi wa mitumbwi wa miaka 31, na anauliza tumpokee lini.